Koti la Kauri Juu ya Chuma: Namna Mfupa Unavyokipokea Kipandikizi

Maili Moja, mjini Kibaha, imekaa kando ya Barabara ya Morogoro, njia kuu ya mabasi na malori kati ya Dar es Salaam na mikoa ya bara. Majeruhi wa ajali za barabara hiyo hupokewa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, iliyo karibu, na wenye majeraha magumu zaidi hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Baadhi yao hurejea nyumbani wakiwa na chuma mwilini: bamba na skrubu, msumari ndani ya uboho, au pini zilizotokeza nje ya ngozi na kushikwa na fremu. Swali lao kubwa ni hili: je, mwili utakipokea chuma hiki?

Chuma na mfupa

Mwili ukikutana na kitu kigeni usichoweza kukiyeyusha, mara nyingi hukizungushia utando wa nyuzinyuzi. Utando huo hauna nguvu ya kubeba uzito. Ukiwa mnene, kipandikizi hulegea. Mwaka 1952 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aligundua kuwa titani iliyowekwa katika mfupa wa sungura ilishikamana nao kiasi cha kutong’oka. Mwaka 1965 alimwekea binadamu wa kwanza vipandikizi vya meno vya titani. Hata hivyo, mshikamano huo huhitaji miezi kadhaa, na wakati huo kipandikizi hakipaswi kucheza. Kikicheza kwa zaidi ya takriban sehemu moja na nusu ya kumi ya milimita, utando hushinda mfupa.

Kazi ya koti la kauri

Sehemu kubwa ya madini ya mfupa ni aina ya haidroksiapataiti, yaani madini ya kalisi na fosfeti. Kauri ya madini hayo hayo huweza kutengenezwa kiwandani. Unga wake hupitishwa katika mwale wa plazima wenye joto la maelfu ya nyuzi, ukayeyuka na kurushwa juu ya chuma, ukaganda kuwa tabaka jembamba, kwa kawaida kati ya maikromita 50 na 200. Kauri peke yake ni ngumu lakini huvunjika kama chungu. Chuma ni imara lakini ni kigeni kwa mfupa. Vikiunganishwa, chuma hubeba uzito na kauri huzungumza na mfupa.

Mazungumzo hayo ni ya kikemia. Uso wa kauri huyeyuka kidogo na kutoa kalisi na fosfeti. Madini mapya yanayofanana na ya mwili hujipanga juu yake. Protini hunata hapo. Kisha seli zinazojenga mfupa hujishikiza na kuweka mfupa bila utando katikati. Kwa sababu hiyo huitwa kauri amilifu. Mwaka 1969 Larry Hench wa Marekani alionyesha kuwa hata kioo cha mchanganyiko maalumu huweza kuungana na mfupa. Katikati ya miaka ya 1980 viungo bandia vya nyonga vyenye koti la haidroksiapataiti vilianza kuwekwa kwa wagonjwa.

Mahali linapofaa

Koti hili hutumika zaidi kwenye nyonga bandia zisizotumia saruji ya mifupa, na kwenye pini za fremu ya nje, ambako tafiti zimeonyesha kuwa pini zenye koti hulegea kwa nadra kuliko zisizo nalo. Bamba na misumari mingi haina koti, kwani mfupa ukishaunga, huenda daktari akahitaji kuiondoa. Vipandikizi vingi vya meno vya leo navyo hutumia titani iliyokwaruzwa badala ya koti, kwa sababu koti nene huweza kubanduka.

Lisilowezekana kwa koti

Koti la haidroksiapataiti pekee haliui bakteria, wala haliokoi kipandikizi kilichofungwa vibaya. Kwa hiyo matunzo hubaki kuwa nguzo. Mwenye pini asafishe kila tundu kama alivyoelekezwa hospitalini, wala asikaze mwenyewe skrubu za fremu. Usaha, wekundu unaoenea, maumivu yanayoongezeka au pini inayocheza ni sababu ya kurudi kituoni mapema. Mhudumu wa zahanati akumbuke kuwa vidonge vya kuua bakteria pekee havitoshi iwapo pini imelegea. Mgonjwa apewe rufaa.

Mwenye jino la kipandikizi apige mswaki kwenye ufizi wake kila siku, aache sigara, na kama ana kisukari, akidhibiti. Jino hilo likitikisika, hata bila maumivu, arudi kwa daktari wa meno.

Mwisho, kila mgonjwa aombe maandishi yanayotaja aina ya kipandikizi chake na tarehe ya kuwekwa, ayatunze pamoja na picha zake za eksirei. Karatasi hiyo humwokoa daktari atakayemhudumia miaka mingi baadaye.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini utando wa nyuzinyuzi hudhoofisha kipandikizi?
2. Kwa nini bamba la mfupa uliovunjika mara nyingi halipakwi kauri?
3. Mgonjwa amefika zahanati na pini inayocheza na kutoa usaha. Hatua zipi zifuate?