Kutotoa Mayai kwa Sanduku: Joto na Unyevu

Tumezoea kumwachia kuku kazi ya kuatamia, wala hatuulizi aifanyaje. Lakini mtu akitia mayai katika sanduku lenye taa, mara yeye ndiye kuku, naye imempasa kukesha siku 21.

Habari ya joto wengi huijua. Katika sanduku lisilo na feni, kipimajoto kiwekwe usawa wa juu ya mayai, nacho kionyeshe digrii 38 na nusu hivi. Likiwa na feni, digrii 37 na nusu zatosha. Joto likipungua kidogo kwa saa chache, vifaranga hukawia tu. Likizidi na kudumu, hufa. Mayai yageuzwe mara tatu au tano kila siku, ili kifaranga anayeumbika asishikamane na utando.

Lakini lituletealo hasara zaidi ni maji. Ganda la yai lina vitundu vidogo maelfu, na kwa hivyo maji hutoka polepole. Tena yafaa yatoke: yai la gramu 60 lipungue hata gramu 53 hivi siku ya 18, na chumba cha hewa upande wake mnene kikue. Yasipotoka ya kutosha, kifaranga hukosa nafasi ya kujigeuza na hewa ya kuvuta. Yakitoka mno, hudhoofu. Basi siku 18 za kwanza unyevu uwe asilimia 50 hata 55. Kisahani kimoja cha maji huenda kikatosha. Pwani wakati wa masika pengine hata hicho kiondolewe. Asiye na kipima unyevu na ayamulike mayai kwa tochi gizani, siku ya 7, ya 14 na ya 18. Chumba cha hewa kitamwambia. Yasiyo na mishipa ya damu ayatoe.

Siku ya 18 desturi hugeuka. Mayai hayageuzwi tena, maji huongezwa hata unyevu ufike asilimia 65 au 70, na sanduku hufungwa. Hapa ndipo tulipokosa sisi wenyewe. Mara ya kwanza, siku ya 20, tulisikia sauti ndani ya maganda, tukafurahi mno, tukawa tunafunua kifuniko kila saa kuwaonyesha watoto. Yai moja lilikuwa limetoboka. Tukaona huruma, tukalibambua kwa kidole. Kifaranga akatoka damu, akafa. Wengine 9 tuliwakuta wamekauka ndani ya utando, kana kwamba wamefungwa kwa karatasi, maana kila tulipofunua, unyevu wote ulitoka.

Tangu tundu la kwanza hata kifaranga kutoka, zaweza kupita saa 12 hata 24, wala si ugonjwa. Wakati huo damu yatoka utandoni kumrudia mwilini, na kiini kilichosalia chaingia tumboni. Kiini hicho chamlisha siku mbili, kwa hiyo hana haja ya kutolewa upesi apate chakula. Na aachwe mpaka manyoya yakauke.

Mara ya pili tulilifunga sanduku kwa kamba, tukamkabidhi bibi yao watoto, naye hakutukubalia hata kuchungulia mpaka siku ya 22.