Leseni ya Redio ya Ridhaa: Soma Kwanza, Nunua Redio Baadaye

Aprili 2024, maji ya Mto Tana yalifunika barabara kati ya Madogo na Garissa. Safari ya dakika chache ikageuka kuwa safari ya mashua. Kila msimu wa mafuriko swali hurudi katika Kaunti ya Tana River: stima ikipotea na mtandao wa simu ukikatika, habari za kijiji kilichozingirwa na maji zitafikaje Hola?

Jibu moja ni redio ya ridhaa. Hii ni huduma ya watu binafsi wanaowasiliana kwa redio ili kujifunza, bila malipo wala biashara. Mtambo mmoja, betri ya gari na waya uliotundikwa mtini vinatosha. Hakuna mlingoti wa kampuni ya simu unaohitajika.

Hata hivyo, wakaazi wengi huanzia mwisho. Hununua wokitoki ya bei nafuu na kubonyeza kitufe cha kuongea. Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa la jinai nchini Kenya. Isitoshe, vifaa vingi vya aina hiyo vinaweza kuingia kwenye masafa ya watu wengine, ikiwemo ya huduma za dharura.

Anayetoa leseni

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya (CA). Makao yake makuu yako Nairobi, na ofisi ya eneo la Pwani iko Mombasa. Kabla ya kutumia pesa, mwombaji aulize CA mambo matatu: fomu, ada ya sasa, na iwapo kifaa anachotaka kimeidhinishwa kutumika nchini. Pia kuna chama cha wanaredio wa ridhaa, ARSK, ambako anayeanza anaweza kupata wenye uzoefu wa kumwelekeza.

Mwenye leseni hupewa ishara ya kituo chake. Ishara za Kenya huanza kwa 5Y au 5Z. Nyingi za wanaredio wa ridhaa huanza kwa 5Z4. Ishara hiyo hutajwa hewani ili kila msikilizaji ajue anayeongea ni nani.

Mambo manne ya kusoma

1. Sheria. Redio ya ridhaa haitumiki kwa biashara, kucheza muziki wala kuficha maana ya ujumbe. Wakati wa maafa, inaruhusiwa kupitisha ujumbe wa watu wengine.

2. Mawimbi. Gawanya 300 kwa masafa ya megahezi, upate urefu wa wimbi kwa mita. Megahezi 145 ni wimbi la takriban mita 2. Mawimbi haya husafiri karibu moja kwa moja, hivyo katika nchi tambarare kama yetu redio ya mkononi hufika kilomita chache tu. Megahezi 7.1 ni wimbi la takriban mita 42. Mchana, mawimbi haya hudundishwa na tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbali. Kwa hayo, Hola inaweza kuongea na Nairobi.

3. Umeme na usalama. Wati ni volti mara ampea. Weka fyuzi karibu na betri. Usitundike antena karibu na nyaya za stima, na uchomoe antena kabla radi haijakaribia.

4. Mazungumzo. Sikiliza kwanza, uliza kama masafa yanatumika, kisha ongea kwa ufupi. Majina hutamkwa herufi kwa herufi: Hola ni Hotel, Oscar, Lima, Alfa. Hata sauti ikikwaruza, jina la kijiji halitakosewa.

Jipime

a) Redio inavuta ampea 2 kutoka betri ya volti 12. Inatumia wati ngapi?
b) Antena ya waya ya nusu wimbi kwa megahezi 7.1 ina urefu gani?
c) Mfanyabiashara wa Garsen anataka kuagiza bidhaa kwa redio ya ridhaa. Anaruhusiwa?

Majibu: (a) Wati 24. (b) Nusu ya mita 42 ni mita 21; kwa kawaida waya hupunguzwa kidogo hadi karibu mita 20. (c) La, hiyo ni biashara.

Aliyekosa swali asivunjike moyo. Arudie sehemu husika. Wakati wa kujifunza ni sasa, kabla ya mvua. Siku ya mafuriko, redio mikononi mwa asiyejua masafa wala utaratibu huongeza kelele hewani, na huenda ikafunika sauti ya anayeomba mashua.