Moyo Hulindwa Jikoni: Mwongozo wa Familia Kuhusu Chumvi, Mafuta na Mwenendo wa Maisha

Utangulizi

Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza kwa kusababisha vifo duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 17.9 walifariki kwa magonjwa hayo mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya vifo vya aina hiyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Tanzania imepiga hatua katika tiba na upasuaji wa moyo, hasa baada ya kuanzishwa kwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam mwaka 2015, lakini sehemu kubwa ya magonjwa hayo huweza kuzuiwa kabla mtu hajahitaji kitanda cha hospitali.

Kijitabu hiki kinaeleza mambo ambayo kaya inaweza kuyadhibiti yenyewe, na mkazo wake mkubwa ni chumvi. Katika nchi ambako watu hula zaidi vyakula vilivyotengenezwa viwandani, chumvi nyingi huwa imekwishatiwa kabla chakula hakijanunuliwa, ilhali katika kaya nyingi za Afrika Mashariki sehemu kubwa ya chumvi hutiwa na mpishi mwenyewe, hivyo uwezo wa kuipunguza umo mikononi mwa familia.

1. Presha na madhara yake

Moyo ni msuli unaokaribia ukubwa wa ngumi ya mwenye nao, nao husukuma lita zipatazo tano za damu kila dakika mtu anapokuwa ametulia. Damu inapopita katika mishipa huzisukuma kuta zake, na nguvu ya msukumo huo ndiyo iitwayo shinikizo la damu, ambalo wengi hulijua kwa jina la presha. Kipimo chake huandikwa kwa namba mbili: ya juu huonyesha shinikizo wakati moyo unapojikaza kutoa damu, na ya chini huonyesha shinikizo wakati moyo unapolegea ili ujae tena. Iwapo namba ya juu itafika 140 au zaidi, au ya chini itafika 90 au zaidi, katika vipimo vilivyochukuliwa siku mbili tofauti, mhusika huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu la damu.

Hali hiyo ikiachwa kwa miaka, kuta za mishipa hukakamaa, msuli wa moyo hunenepa hadi ukashindwa kazi yake, figo huharibika, na mshipa wa ubongo huweza kuziba au kupasuka, jambo ambalo huleta kiharusi. Kwa kuwa wagonjwa wengi hawahisi dalili yoyote, kupima ndiyo njia pekee ya kuijua, na kila mtu mzima anashauriwa kupimwa angalau mara moja kwa mwaka. Ili kipimo kiwe sahihi, anayepimwa hukaa ametulia kwa dakika tano, akiwa ameegemeza mgongo, miguu yake imekanyaga sakafu bila kupishana, mkono umelazwa juu ya meza usawa wa moyo, na awe hajanywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia.

2. Chumvi: kiasi kinachofaa na namna ya kukipima

Chumvi hubeba madini ya sodiamu, ambayo yakizidi mwilini huvuta maji na kuyabakiza katika damu, hivyo ujazo wa damu huongezeka na shinikizo hupanda. Potasiamu, madini yanayopatikana kwa wingi katika ndizi, maharage, viazi vitamu na mboga za majani, husaidia figo kuitoa sodiamu hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, ukawalinganisha na wenzao waliobaki vijijini, na kubaini kuwa shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa juu zaidi tangu miezi ya mwanzo ya maisha ya mjini. Vipimo vya mkojo vilionyesha kuwa sodiamu imeongezeka na potasiamu imepungua, ishara ya wazi kwamba mlo wao ulikuwa umebadilika. Matokeo hayo yanaonyesha kuwa presha haiwezi kuelezwa kwa uzee au urithi peke yake.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku kutoka vyanzo vyote, kiasi kinachokaribia kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na watoto wanahitaji pungufu ya hapo. Kaya yenye watu wazima sita haipaswi basi kuzidisha gramu 30 kwa siku, maana yake pakiti ya nusu kilo inapaswa kuwatosha kwa zaidi ya wiki mbili. Ikiwa pakiti hiyo huisha kwa wiki moja na chumvi yote huishia chakulani, kila mmoja anakula takriban gramu 12 kwa siku, kiasi kinachozidi maradufu kile kinachoruhusiwa, hata kabla ya kuhesabu mkate na vitafunwa vya dukani. Kuandika tarehe juu ya pakiti siku inapofunguliwa kunatosha kuipa familia kipimo chake, na mpishi anayetumia kijiko badala ya kukadiria kwa kiganja huweza kupunguza kidogo kidogo, kwa kuwa ulimi huzoea ladha mpya baada ya wiki chache.

Viko pia vyanzo ambavyo familia nyingi hazivihesabu. Magadi yanayotiwa katika maharage, makande au mlenda yana sodiamu, na hayahitajiki sana iwapo maharage yatalowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa. Vidonge vya kukolezea mchuzi vina chumvi kama kiungo chake kikuu, hivyo anayevitumia hapaswi kuongeza chumvi nyingine. Ng'onda, papa na dagaa waliokaushwa kwa chumvi hulowekwa kwa saa kadhaa, maji yakibadilishwa, kisha hupikwa bila kutiwa chumvi tena. Ladha inayopungua huweza kufidiwa kwa ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, giligilani au pilipili manga, na kibakuli cha chumvi huondolewa mezani.

Kupunguza chumvi hakumaanishi kuacha chumvi yenye madini joto, ambayo huzuia ugonjwa wa rovu na hulinda ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kinachotakiwa ni kutumia chumvi hiyohiyo kwa kiasi kidogo. Chumvi mbadala yenye potasiamu haimfai mgonjwa wa figo, naye hapaswi kuitumia bila ushauri wa daktari.

3. Mafuta, sukari na mpangilio wa sahani

Lehemu, ambayo pia huitwa kolesteroli, ni aina ya mafuta ambayo mwili huyahitaji, lakini ikizidi katika damu hujikusanya kama utando kwenye kuta za mishipa na kuifanya iwe myembamba. Kipande cha utando huo kikipasuka na damu kuganda juu yake, sehemu ya msuli wa moyo hukosa damu na kuanza kufa, na hali hiyo ndiyo mshtuko wa moyo. Mafuta yanayoganda katika ubaridi wa kawaida, kama samli na mafuta ya nyama, huongeza lehemu hiyo. Takriban nusu ya mawese na zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya kundi hilo, ilhali katika mafuta ya alizeti ni kama asilimia 10 tu. Mpenzi wa wali wa nazi halazimiki kuuacha, ila huupika mara chache zaidi, kwa tui jepesi. Kuchemsha, kuchoma na kupika kwa mvuke ni bora kuliko kukaanga, na mafuta yaliyokwisha kukaangia mara kadhaa hadi yakawa meusi hayafai kurudiwa.

Soda ya mililita 300 huweza kuwa na zaidi ya gramu 30 za sukari, yaani vijiko saba au zaidi vya chai, ilhali kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 50 kwa siku, na gramu 25 ni bora zaidi.

Sahani inayolinda moyo hujazwa nusu yake kwa mboga na matunda, robo kwa ugali, wali, ndizi au viazi, na robo kwa kunde, maharage, samaki au nyama isiyo na mafuta. Ugali wa dona hushinda wa sembe kwa sababu unga wake hubaki na pumba na kiini cha nafaka. Lengo ni gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na mchicha, matembele, kisamvu, papai na embe za msimu hutosha bila gharama kubwa.

4. Mwenendo wa maisha

Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za kazi au mazoezi ya wastani kwa wiki, sawa na nusu saa kwa siku tano, na kutembea kwa kasi, kulima au kuendesha baiskeli kunahesabika. Mkazi wa mjini huweza kushuka daladala kituo kimoja kabla ya kwake. Anayeacha sigara hupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo kwa takriban nusu ndani ya mwaka mmoja. Shisha na ugoro navyo si mbadala salama. Pombe huongeza presha, na kuipunguza au kuiacha huishusha.

5. Dalili za hatari na matibabu

Maumivu au kubanwa kifua kunakosambaa hadi bega, mkono, shingo au taya, pamoja na jasho la baridi na kukosa pumzi, ni dalili za mshtuko wa moyo. Uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea au maneno kutoeleweka ghafla ni dalili za kiharusi. Mwenye dalili hizo hupelekwa hospitali mara moja bila kusubiri kupambazuke.

Aliyeandikiwa dawa za presha huendelea kuzitumia hata anapojisikia vizuri, kwa kuwa namba nzuri aliyoipata ni matokeo ya dawa hizo, na hubadilisha kipimo kwa maelekezo ya daktari pekee. Mlo wake, hata hivyo, haupaswi kupikwa katika sufuria ya peke yake kana kwamba ni adhabu, kwa sababu chakula kinachomfaa yeye huwakinga pia waliobaki, na mgonjwa hudumu na utaratibu huo kwa urahisi zaidi pale nyumba nzima inapokula chungu kimoja.