Bango la Biashara: Kutoka Jicho la Msomaji hadi Zege la Msingi

Bango la biashara ni uso bapa wenye maandishi, uliosimamishwa nje ili usomwe na wapita njia. Katika maelezo haya mafupi kuna vitu vitatu: maandishi, uso unaoyabeba, na nguzo zinazoushikilia uso huo. Mnunuzi akiulizia bei, mara nyingi hutajiwa bei ya mita moja ya mraba. Bei hiyo inahusu uso peke yake. Somo hili linaonyesha jinsi vitu vyote vitatu vinavyofungamana, ili mnunuzi aweze kupima mwenyewe anachoambiwa na fundi. Tutatumia mfano mmoja: duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara kuu mjini Tanga, karibu na bahari.

Tuanze na jicho. Jicho zima huweza kutofautisha nukta mbili zilizoachana kwa pembe ya sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwa umbali wa mita 100, pembe hiyo ni sawa na nafasi ya sentimita 3 hivi. Herufi E ina tabaka tano kutoka juu hadi chini: mistari mitatu na nafasi mbili baina yake. Tano mara tatu ni kumi na tano. Basi herufi ya kusomwa kutoka mita 100 isipungue kimo cha sentimita 15. Hicho ni kikomo cha uwezo wa jicho, na kusoma kwenye kikomo kunachosha. Dereva anayekwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo ana sekunde sita tu kabla ya kulifikia bango, na macho yake yanahitajika barabarani. Ni busara kukizidisha kimo hicho mara mbili, kiwe sentimita 30.

Kutoka kimo cha herufi tunapata ukubwa wa bango. Mistari mitatu ya maandishi, yaani jina la duka, aina ya biashara na namba ya simu, pamoja na nafasi za kupumzisha jicho, huhitaji kimo cha mita 2 hivi. Mstari wa herufi kumi huhitaji upana wa karibu mita 3. Tatu mara mbili ni sita: bango letu lina eneo la mita 6 za mraba. Ukubwa huo umetokana na hesabu ya usomaji, wala haukutokana na kushindana na jirani.

Sasa tuliweke bango hilo kwenye upepo. Hewa ina uzito: mita moja ya ujazo ina karibu kilo 1.2. Hewa inayokwenda ikizuiwa, husukuma kile kinachoizuia. Msukumo huo huitwa kani, na hupimwa kwa niutoni. Kani inayoangukia mita moja ya mraba huitwa kanieneo. Ili kuipata kanieneo ya upepo, chukua nusu ya 1.2, zidisha kwa kasi ya upepo katika mita kwa sekunde, kisha zidisha tena kwa kasi hiyo hiyo. Upepo wa mita 15 kwa sekunde hutoa niutoni 135 kwa kila mita ya mraba. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, wa dhoruba, hutoa niutoni 540. Kasi imeongezeka mara mbili, lakini msukumo umeongezeka mara nne. Kwenye bango letu la mita 6 za mraba, dhoruba hiyo husukuma kwa niutoni zisizopungua 3,240, sawa na uzito wa kilo 330 hivi ulioegemezwa kwenye uso wake.

Kani hiyo haiishii kwenye uso. Anayetaka kung'oa kigingi hukisukuma kwenye ncha yake ya juu, mbali na ardhi, kwa sababu huko nguvu yake hupindua zaidi. Uwezo huo wa kupindua huitwa momenti, nao ni kani mara umbali wake kutoka chini. Ikiwa kitovu cha bango kiko mita 4 juu, momenti kwenye shina la nguzo ni karibu niutoni-mita 13,000. Sasa tuongeze vipimo vyote mara mbili: upana, kimo na urefu wa nguzo. Eneo linakuwa mara nne, umbali mara mbili, na momenti inakuwa mara nane. Hapa ndipo bei ya mita ya mraba inapopotosha. Bango lenye vipimo maradufu hutaka uso mara nne, lakini nguzo na msingi wake hupambana na mzigo mara nane.

Baada ya ukubwa, tuchague mali ghafi. Kila mali ghafi ina adui zake, na hapa tutawatazama watatu: chumvi, jua na joto.

Chumvi huja na upepo wa bahari. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hufanya kutu, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Ndiyo sababu bati hupakwa zinki: zinki huliwa kwanza na kukikinga chuma kilicho chini yake. Mahali lilipokatwa au kutobolewa, kinga hupungua, kwa hiyo kingo na matundu yapakwe rangi ya kuzuia kutu. Alumini hujitengenezea utando mwembamba wa oksidi unaoilinda. Uzito wake pia ni theluthi moja hivi ya uzito wa chuma: bati la unene wa milimita 1 lina kilo 7.85 kwa mita ya mraba, na la alumini kilo 2.7. Lakini alumini ikifungwa kwa skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu, kisha ikalowa maji ya chumvi, huliwa kuzunguka skrubu. Kipande cha plastiki au mpira katikati hutenganisha metali hizo.

Jua huleta miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa jicho. Miale hiyo hukata viungo vya molekuli za plastiki na za rangi. Turubai la plastiki hukauka na kupasuka. Nyekundu na njano nyingi hufifia mapema, nyeusi hudumu.

Joto hutanua vitu. Kipande cha mita 3 kikipata joto zaidi kwa digrii 30, cha chuma huongezeka milimita 1, cha alumini milimita 2, na cha plastiki ya akriliki zaidi ya milimita 6. Kikibanwa pande zote, kitavimba au kupasuka. Matundu ya skrubu yawe mapana kuliko skrubu zenyewe.

Sasa tunaweza kuzungumzia bei. Chukua gharama yote, pamoja na kazi ya kupandisha, uigawe kwa miaka ya kudumu. Kwa tarakimu za mfano tu: uso wa turubai wa shilingi 200,000 unaodumu miaka 2 hugharimu 100,000 kwa mwaka, uso wa alumini wa 600,000 unaodumu miaka 8 hugharimu 75,000. Mwenye mkataba wa pango wa miaka miwili ana haki ya kuchagua turubai. Aliye kwake anapaswa kufikiri tena. Nchini Tanzania, ada ya bango nayo hukadiriwa kwa eneo, hivyo kila mita isiyohitajika hulipiwa mwaka hadi mwaka.

Turubai likififia, hubadilishwa. Nguzo ikianguka, huangukia mtu aliyesimama kusubiri daladala. Kwa hiyo punguza gharama kwenye uso ukihitaji, lakini msingi usipunguzwe kamwe. Mwombe fundi akuonyeshe vipimo vya shimo na unene wa nguzo kabla ya zege kumwagwa, kwa maana shimo likishafunikwa, hakuna jicho litakalolikagua tena.