Usiamue Saa Sita Mchana

Somo: 1 Wafalme 19:1-8



Wapendwa vijana, leo naanza na kisa changu mwenyewe. Mwezi uliopita mimi na vijana watatu wa VIWAWA tulitoka Temeke saa 11 alfajiri kwa baiskeli, kuhiji Bagamoyo. Ni kama kilomita 70. Mfukoni nilikuwa na barua ambayo wenzangu hawakuijua. Nilimwandikia gombera kwamba siendelei na seminari. Nimemaliza falsafa, niko mwaka wa kichungaji, na kwa miezi kadhaa sala ilikuwa kavu kama mchanga. Nilipanga kuituma nikirudi.

Mpaka Tegeta ilikuwa raha tupu, tunaendesha huku tunaimba. Bunju tukanywa chai. Baada ya hapo ni Mkoa wa Pwani: Mapinga, Kerege, mikorosho, minazi, na vilima ambavyo ukiwa ndani ya daladala huvioni kabisa. Kwenye baiskeli unavijua kimoja kimoja! Wenzangu wakanipita. Karibu na Zinga, saa 6 mchana, miguu ikagoma. Nikashuka nitafute gari.

Pembeni alikuwepo mzee anauza madafu.

"Shikamoo mzee. Hapa naweza kupata Fuso ya kunibeba na baiskeli?"

"Marahaba mwanangu. Kunywa kwanza. Ya gari tutaongea baadaye."

Nikanywa madafu mawili, nikala muhogo wa kuchoma, nikalala kidogo chini ya mwembe. Nilipoamka, sikuuliza tena habari ya gari.

Njiani ndipo nikamkumbuka Eliya. Alikaa chini ya mti jangwani akaomba afe. Mungu hakubishana naye wala hakumkemea. Malaika alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Ndipo akatembea siku 40 mpaka Horebu. Yaani swali la wito wake lilijibiwa mlimani, baada ya kula na kulala.

Wazee wa imani walilijua jambo hili. Evagrio wa Ponto, mmonaki wa karne ya 4, aliuita uchovu huu wa roho pepo wa adhuhuri: mmonaki anaona jua limesimama na chumba chake kimekuwa jela. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba tendo kuu la ushujaa ni kustahimili, kuliko kushambulia. Na Mtakatifu Inyasi wa Loyola anatupa kanuni: ukiwa katika ukiwa wa kiroho, usibadili uamuzi ulioufanya ukiwa na utulivu.

Tuelewane hapa. Kanuni hii haisemi kwamba uamuzi haubadiliki kamwe. Inasema tafuta saa nyingine ya kuubadili. Wala haimhusu anayepigwa au kunyanyaswa. Huyo aondoke na aombe msaada leo hii.

Bagamoyo tulifika saa 9. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni pale mwaka 1868, wakakomboa watumwa na kuwapa makazi. Nilisimama kwenye makaburi yao. Wengi walikufa kwa homa wakiwa bado vijana kama sisi. Sikuahidi kitu. Niliomba tu neema ya kesho.

Barua sijaichana. Nimempelekea baba yangu wa kiroho, na tunaisoma pamoja, taratibu.

Tafakari:
1. Ni uamuzi gani unataka kuufanya sasa kwa sababu tu umechoka?
2. Mara ya mwisho umekula, umelala na umesali vizuri lini?
3. Nani anaweza kuisoma "barua" yako pamoja nawe?

Tuombe: Ee Bwana, uliyemlisha Eliya njiani, utulishe kwa Ekaristi yako, maana safari bado ni ndefu. Utupe mtu wa kutuambia tukae kwanza. Amina.