SOMO LA HESABU: KICHWA KWANZA, SIMU BAADAYE



Kisomoni tulijifunza mambo matatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Kusoma tunaendelea nako kwa gazeti kama hili. Kuandika tunaendelea nako katika daftari na ujumbe wa simu. Lakini kuhesabu je? Siku hizi tumeiachia simu. Uliza kilo 6 kwa shilingi 800 ni kiasi gani. Mtu hafikiri, anatia mkono mfukoni.

Simu si adui yetu. Inafanya hesabu kubwa upesi, tena haichoki. Ila inajibu kile ilichoulizwa tu. Kidole kikibonyeza 3 badala ya 8, simu haisemi, "Ndugu, umekosea." Inatoa jibu sahihi la swali lingine. Na anayeumia ni mkulima.

AKILI HII TUNAYO

Hesabu za kichwa si jambo geni kwetu. Tazameni bao la Kiswahili. Lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji hodari, kabla hajagusa kete, ameshajua ya mwisho itaangukia wapi. Hatumii karatasi wala kalamu. Au fikirini vipimo vya zamani. Pishi 1 ni vibaba 4. Muuzaji aliyepima pishi 7 alijua mara moja kwamba ni vibaba 28.

Basi akili ipo. Lakini jembe lisilotumika hushika kutu. Hebu tulinoe kwa njia tatu. Bei za hapa chini ni za mfano tu.

NJIA YA KWANZA: TAFUTA NAMBA NYEPESI

Umepeleka mahindi kilo 48. Bei ni shilingi 700 kwa kilo. Kuzidisha 48 kichwani ni kazi. Basi chukua 50, ambayo ni nyepesi.

Kilo 50 kwa 700 ni shilingi 35,000.
Umezidisha kilo 2, nazo ni shilingi 1,400.
35,000 toa 1,400, unabaki na 33,600.

Sasa mnunuzi anabonyeza simu yake, anasema, "Shilingi 30,100." Wewe unajua jibu liko karibu na 35,000, na pengo la kilo 2 haliwezi kuwa karibu 5,000. Mwambie kwa upole, "Ndugu, hebu rudia." Kumbe alibonyeza 43! Ungenyamaza, ungepoteza shilingi 3,500. Hiyo ni bei ya kilo 5 za mahindi yako.

Hata kama hukupata jibu kamili, makadirio tu yangekuokoa.

NJIA YA PILI: OANISHA NAMBA ZINAZOPATANA

Magunia manne yamepimwa. Mizani inasema 62, 58, 65 na 55. Usijumlishe kwa kufuata mstari. Tafuta zinazopatana.

62 na 58 ni 120.
65 na 55 ni 120.
Jumla ni kilo 240.

Na kwa shilingi 700 kwa kilo? Weka sifuri kando kwanza. 24 mara 7 ni 168. Sifuri tulizoweka kando ni tatu: moja ya 240 na mbili za 700. Zirudishe. Jibu ni shilingi 168,000.

Sifuri ni za kuchungwa sana. Sifuri moja ikisahauliwa kwenye simu, 168,000 inakuwa 16,800.

NJIA YA TATU: CHENJI KWA KUPANDA

Umenunua vitu vya shilingi 6,350 dukani. Umetoa noti ya 10,000. Usihangaike kutoa. Panda ngazi kutoka bei mpaka pesa uliyotoa.

Kutoka 6,350 mpaka 6,400 ni 50.
Kutoka 6,400 mpaka 7,000 ni 600.
Kutoka 7,000 mpaka 10,000 ni 3,000.
Chenji yako ni shilingi 3,650.

Njia hii inafaa hata simu ikiwa imezima na umeme hakuna.

TUFANYEJE?

Tufuate hatua tatu. Kwanza, kadiria kichwani. Pili, hakikisha kwa simu. Tatu, andika daftarini, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Makadirio na simu yakipishana sana, usipokee pesa. Rudieni wote wawili, kila mtu aone namba zinazobonyezwa.

Na watoto tusiwasahau. Mtoto akitumwa dukani, aseme chenji kabla hajaondoka nyumbani. Atajifunza, na sisi tutajikumbusha.

ZOEZI

Fanya kichwani. Simu iweke mbali.

1. Kilo 39 kwa shilingi 600 ni kiasi gani?
2. Jumlisha kilo 47, 34, 53 na 66.
3. Umenunua vitu vya shilingi 7,800. Umetoa 10,000. Chenji ni ngapi?
4. Mnunuzi anasema kilo 72 kwa shilingi 500 ni 31,000. Je, ni kweli?

MAJIBU

1. Shilingi 23,400. (Kilo 40 ni 24,000, toa 600.)
2. Kilo 200. (47 na 53 ni 100, 34 na 66 ni 100.)
3. Shilingi 2,200.
4. Si kweli. Kilo 70 peke yake ni 35,000. Jibu ni 36,000. Alibonyeza 62.

Aliyekosa asikate tamaa. Arudie kesho kwa mazao yake mwenyewe.