Kwa Nini Uso wa Gitaa Haupendi Mti Mzito

Uzi wa gitaa peke yake karibu hauna sauti. Ufunge kwenye misumari miwili ya ukuta wa zege, ukaze, kisha uudonoe: utasikia kijisauti tu, ingawa macho yanauona ukitikisika. Uzi ni mwembamba, hewa inaupita kando bila kusukumwa. Ndiyo maana mtikisiko wake hupitishwa kwenye daraja hadi ubao mpana wa mbele, yaani uso wa gitaa. Huo ndio unaosukuma hewa.

Sasa mtazame fundi wa magitaa wa Kolwezi, Katanga. Msitu wake ni miombo, na kuanzia Mei hadi Septemba mvua karibu haipo. Mti huvuta maji juu kutoka mizizini, na udongo ukikauka mvuto huo huwa mkali hadi hewa inaweza kuingia mishipani na kuikata safu ya maji. Miti mingi ya maeneo makame hujikinga kwa mishipa myembamba yenye kuta nene. Kiini chake nacho hujaa kemikali zinazowashinda mchwa na kuvu. Kuta nene na nafasi chache humaanisha uzito. Mpingo, bingwa wa maeneo makame ya Afrika, hufikia kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo huzama majini. Sprusi, jamaa wa msonobari anayetumiwa na mafundi wa Ulaya kwa uso wa gitaa, ana kilo 400 hivi.

Je, mti mgumu hautoi sauti kubwa zaidi? Tupige hesabu. Ubao ukiongezwa unene mara 2, ukakamavu wake wa kupinda huongezeka mara 8. Mpingo, ukipimwa kufuata urefu wa shina, ni mkakamavu kuliko sprusi kwa mara 1.6 hivi. Basi uso wa sprusi wa milimita 2.5 ungeweza kubadilishwa na wa mpingo wa milimita 2.1, ukakamavu ukabaki uleule. Tumepunguza unene kidogo tu, lakini uso huo una uzito zaidi ya mara 2 na nusu. Na kidole kina nguvu ileile. Mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada. Mdonoo wa namna hiyo hubeba nishati ndogo sana. Ukiukabidhi ubao mzito nishati hiyo, ubao hausogei vya kutosha.

Mti mzito una kipaji kingine. Mwombe seremala kipande kirefu cha mukula, jamaa wa mninga, kishike kwa vidole viwili kwenye sehemu ya tano kutoka ncha moja, kiache kining'inie, kisha kigonge katikati kwa kifundo cha kidole. Kikiwa kimekauka vizuri kitalia kama kengele. Pale uliposhika ubao hautikisiki, kwa hiyo vidole vyako haviuzimi mlio. Jamii hii ya miti, ya mninga na mukula, hupoteza nishati polepole. Walozi wa magharibi mwa Zambia hutengeneza vibao vya silimba, marimba yao, kwa mninga, kisha vibuyu vilivyofungwa chini ndivyo vinavyoikuza sauti. Kazi imegawanywa: mti unatunza mlio, kibuyu kinaupeleka hewani. Kwenye gitaa kazi ya kibuyu ni ya uso na tumbo lake.

Je, mgongo na mbavu? Mwaka 1862 Antonio de Torres, fundi wa Hispania, alitengeneza gitaa lenye uso wa sprusi, lakini mgongo na mbavu za karatasi ngumu, kuonyesha kwamba uso ndio mwenye neno. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza waliwapa wapigaji magitaa sita yaliyotofautiana kwa mti wa mgongo na mbavu tu, bila kuwaruhusu kuyaona sawasawa. Ubora waliouona ulikuwa karibu uleule, miti ya bei na ya kawaida. Kwa maoni yangu, mgongo wa mti adimu ni fahari ya macho zaidi kuliko ya masikio.

Hilo lina uzito Katanga. Mukula ulikatwa kwa fujo kwa ajili ya soko la China, hadi mwaka 2019 ukaingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuuuza nje kukahitaji kibali. Gitaa halihitaji gogo. Ubao wa vidole, unaosuguliwa na nyuzi miaka nenda rudi, ndipo ugumu unapolipa, nao hutoka kwenye kipande cha nusu mita, hata mabaki ya mguu wa meza. Kwa uso, fundi atafute paleti la msonobari, achague ubao usio na vifundo wenye mistari myembamba iliyonyooka, aurande hadi milimita 3, kisha aendelee kupunguza kidogo kidogo huku akiugonga na kusikiliza.